Jeni Ipo, Imenyamaza: Hotuba Kuhusu Vipokezi vya Homoni Katika Saratani ya Matiti

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote nawasalimu kwa heshima zenu, itifaki ikiwa imezingatiwa. Ndugu mwenyekiti, wauguzi na madaktari mliopo, wenzangu wa maabara, na zaidi ya wote akina mama na akina baba mliokuja kwa sababu ugonjwa huu umeingia nyumbani kwenu: asanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu. Jumamosi ya Dar es Salaam mtu ana msiba Mbagala, harusi Sinza na kikao cha ukoo Gongo la Mboto, na nyie mmekuja hapa kusikiliza habari za jeni.

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, tafadhali, usituletee mambo ya darasani." Nimemwahidi kupunguza Kiingereza. Sayansi sikuahidi kuipunguza, na sitaipunguza. Mama anayeshika hesabu za kikoba cha watu thelathini, mikopo, riba na faini, mwaka mzima bila shilingi kupotea, hashindwi kuelewa jinsi jeni inavyowashwa na kuzimwa.

Nina jambo moja la kusema. Mgonjwa akipewa majibu yanayosema vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazoikamata homoni, ni hasi, watu wengi hudhani mwili wake una pengo la kuzaliwa nalo, kwamba kuna kitu wenzake wanacho na yeye hana. Nimewasikia hata wahudumu wa afya wakieleza hivyo kwenye korido. Si kweli. Jeni ya kutengeneza kipokezi anayo. Ndani ya uvimbe wake imenyamazishwa. Na mara nyingine hata haijanyamazishwa: ni sisi tulioshika kile kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe ili kipimwe, tuliokiharibu kabla hakijafika kwenye kipimo. Hali hizo mbili zinaandikwa kwa neno lile lile, hasi. Ya kwanza wanasayansi wa dunia nzima bado wanahangaika nayo. Ya pili inaweza kukomeshwa hapa hapa nchini, kuanzia Jumatatu.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika katika jarida la tiba la Lancet kwamba alikuwa amewatoa ovari wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kukomaa, na uvimbe ukanywea. Hakuna aliyekuwa anaijua estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, wakati ule. Beatson aliona tu kwamba ovari na titi, viungo vilivyo mbali hivyo, vina mawasiliano. Madaktari wengine walipojaribu, baadhi ya wagonjwa walipata nafuu na wengine hawakupata lolote, na kwa zaidi ya miaka sitini hakuna aliyeweza kusema nani atafaidika na nani atakatwa bure.

Jibu lilitoka Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Elwood Jensen alitengeneza estrojeni yenye alama ya mionzi, akaiweka katika panya jike wachanga na kuifuatilia ilikokwenda. Tishu nyingi ziliiacha ipite. Mji wa mimba uliikamata na kuishikilia. Basi kulikuwa na kitu ndani ya seli zile kinachoikamata, na kitu hicho ndicho tunachokiita kipokezi. Baadaye ikaonekana kwamba uvimbe wa titi wenye kipokezi ndio unaonywea homoni zikiondolewa, na usio nacho hauna habari. Mwaka 1986 watafiti, wakiwemo wa kundi la Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, wakafanikiwa kuisoma jeni ya kipokezi hicho. Waliisoma kutoka kwenye seli ziitwazo MCF-7, ambazo asili yake ni maji yaliyotolewa kifuani kwa mtawa mmoja wa Michigan, Marekani, aliyefariki mwaka 1970 kwa saratani ya matiti. Yeye hakupona. Seli zake zinaishi mpaka leo katika maabara za dunia nzima, na mengi nitakayosema asubuhi hii yalijulikana kwa sababu yake. Nilitaka mjue hilo kabla sijaendelea.

Jeni yenyewe inaitwa ESR1. Iko kwenye kromosomu ya sita. Kila mtu humu ukumbini, mwanamke kwa mwanamume, ana nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Na kwa kuwa nimewataja wanaume: ndiyo, nao hupata saratani ya matiti. Ni wachache, lakini wapo, na uvimbe wao kwa sehemu kubwa huwa na vipokezi. Baba mwenye kijivimbe nyuma ya chuchu asione haya kwenda hospitali.

Estrojeni ni molekuli ndogo inayoyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ikifika ndani ya kiini inakutana na kipokezi, vinashikana, kipokezi kinabadilika umbo, vipokezi viwili vya namna hiyo vinaungana, na kwa pamoja vinakaa juu ya DNA mahali maalumu na kuwasha jeni nyingine, zikiwemo zinazoiagiza seli igawanyike. Sasa, katika titi lenye afya seli zenye kipokezi ni chache, na kwa kawaida zenyewe hazigawanyiki. Zikipata estrojeni zinawatumia majirani ujumbe, na majirani ndio wanaogawanyika, kwa kiasi, kufuatana na mwezi au ujauzito. Mimi huwa nashangazwa na heshima ya mpango huo. Anayepokea agizo si yule anayefaidika nalo. Saratani inauvunja mpango huo. Seli yenye kipokezi inapokea agizo na kulitekeleza yenyewe, inazaa zenye kipokezi kama yeye, nazo zinazaa. Duniani kote, kiasi cha asilimia 70 ya saratani za matiti ni za namna hii.

Kwa nini basi nyingine zote zinakuwa hasi, ilhali jeni kila mtu anayo? Hapo twendeni Kariakoo. Piteni Mtaa wa Kongo alfajiri, kabla ya jua. Maduka yamejaa mali mpaka darini, lakini milango ya chuma imeshushwa na makufuli yananing'inia. Mgeni aliyeshuka basi usiku anaweza kuapa kwamba mtaa huu hauna biashara. Mali ipo. Hakuna wa kuifikia.

DNA iko hivyo ndani ya seli. Ukiinyoosha, ya seli moja tu ni kama mita mbili, kwa hiyo imeviringwa juu ya protini ziitwazo histoni na kubanwa. Seli ya ini na seli ya titi zina maduka yale yale. Zinatofautiana kwa yaliyofunguliwa. Jeni ya ESR1 ina wafunguaji wake, na wakubwa ni protini mbili, FOXA1 na GATA3. FOXA1 ina uwezo ambao protini nyingi za kazi hiyo hazina: inaweza kushika DNA hata ikiwa bado imebanwa, ikainua mlango kidogo, wengine wakapata pa kuingilia. GATA3 inawasha ESR1, na kipokezi kinachotokana na ESR1 kinarudi kuiwasha GATA3. Vinashikiliana hivyo, kimoja kikimshika mwenzake asianguke. Ndiyo maana tukipima uvimbe wenye vipokezi, karibu kila mara tunaikuta GATA3 humo, na sisi wa maabara tunaitumia kutusaidia kutambua kwamba saratani iliyoonekana kwenye pafu au mfupa ilitoka titini. Mradi mkubwa wa Marekani wa kusoma jeni za saratani, uliotoa matokeo yake mwaka 2012, ulikuta jeni tatu tu zilizoharibika katika zaidi ya asilimia 10 ya saratani za matiti zilizopimwa. Mojawapo ni hiyo GATA3. Mfunguaji mwenyewe ameingiliwa.

Kufunga nako kuna namna zake, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo penye uzito. Kuna kemikali ndogo iitwayo methili, kaboni moja na haidrojeni tatu. Seli huibandika juu ya herufi C za DNA, pale C inapofuatwa na G. Mwanzoni mwa jeni ya ESR1 kuna eneo lenye C na G nyingi za jinsi hiyo. Katika seli ya titi ya kawaida eneo hilo liko wazi. Katika baadhi ya saratani hasi limejaa methili. Methili hizo huvuta protini nyingine, ambazo zinakuja na vimeng'enya vya kuzivua histoni asetili zake, kemikali nyingine ndogo inayozilegeza, na histoni zikivuliwa asetili DNA inakazwa zaidi. Mlango umeshushwa, kufuli limetiwa. Ukiisoma jeni herufi kwa herufi hukuti kosa. Hakuna kilichofutwa. Na seli ikigawanyika, inawarithisha watoto wake makufuli yale yale.

Lakini si kila uvimbe hasi umefungwa kwa methili, na mtu akiwaambia hiyo ndiyo sababu pekee anawarahisishia mno. Uvimbe wenye HER2 nyingi kupita kiasi, yaani protini ya juu ya seli inayoichochea ikue, hupeleka ndani ya kiini amri za kukua zenye nguvu kubwa, na amri hizo zinashusha utengenezaji wa kipokezi. Kuna vipande vifupi vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, kama miR-206, miR-221 na miR-222, ambavyo havigusi jeni kabisa. Vinaukamata ujumbe wake ukiwa njiani, kabla haujageuzwa kuwa protini. Kuna jeni ya BRCA1, ambayo wengi mmeisikia kwa habari ya kurithi saratani. Moja ya kazi zake ni kusaidia ESR1 ibaki imewashwa, na wanawake waliorithi BRCA1 yenye hitilafu mara nyingi hupata uvimbe usio na vipokezi. Na kipokezi chenyewe, hata kikishatengenezwa, hakidumu. Estrojeni ikikishika na kazi ikafanyika, seli inakipeleka kuvunjwavunjwa. Kuna dawa iliyojengwa juu ya tabia hiyo, fulvestranti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002: inakishika kipokezi na kuifanya seli ikivunje.

Kwenye karatasi za majibu mnaona herufi ER, ndicho kipokezi cha estrojeni, na pia PR, kipokezi cha projesteroni, homoni nyingine ya kike. Jeni ya PR iko kwenye kromosomu ya kumi na moja, na inatoa protini za urefu wa aina mbili, A na B. Jambo la kujua ni kwamba jeni hiyo huwashwa na kipokezi cha estrojeni. Mwaka 1975 Kathryn Horwitz na William McGuire walitoa hoja ambayo tunaitumia hadi leo: ukikuta PR, umepata ushahidi kwamba kipokezi cha estrojeni hakijakaa tu pale, kinafanya kazi. Kwa hiyo ER chanya na PR chanya ni habari njema kuliko ER chanya peke yake. Ukiona ER hasi na PR chanya, mimi nikiwa kazini swali langu la kwanza huwa kuhusu kipimo, maana mchanganyiko huo ni nadra na mara nyingi una kasoro ya maabara nyuma yake.

Je, jeni iliyonyamazishwa inaweza kuamshwa? Katika maabara, ndiyo. Kuna seli za saratani ziitwazo MDA-MB-231, zisizo na kipokezi hiki cha ESR1 wala cha projesteroni. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, walizipa dawa inayoondoa methili, na baadaye wakaongeza nyingine inayozuia histoni zisivuliwe asetili. ESR1 ikaanza kusomwa tena. Protini ikatokea. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kuliko maelezo yote: huwezi kuamsha kisichokuwepo.

Ila nawaomba sana, asitoke mtu hapa akaenda kumwambia mgonjwa wa hospitali ya saratani ya Ocean Road kwamba kuna dawa ya kurudisha vipokezi. Haipo iliyothibitika kwa wagonjwa. Dawa moja ya kundi hilo la histoni, entinostati, ilijaribiwa Marekani pamoja na eksemestani, dawa ya homoni, kwa wagonjwa wenye vipokezi ambao tiba ya homoni ilikuwa imeacha kuwasaidia, na jaribio kubwa la mwisho halikuongeza maisha yao. Nduguye, tusidinostati, ilirefusha muda wa ugonjwa kutulia huko China na ikaidhinishwa huko mwaka 2019. Tulipofika ni hapo. Na ule unga unaotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "unasawazisha homoni na kuyeyusha uvimbe" haujui ESR1 iko kromosomu ya ngapi. Wagonjwa wanaufuata kwa miezi, na wakirudi hospitali ugonjwa umeshavuka titi.

Sasa nije kwenye ile hasi ya pili. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu inaanza pale mgonjwa ameshaondoka na kile kinyama kimebaki. Kinyama kikitolewa mwilini damu haikifikii tena, oksijeni inakatika, na vimeng'enya vya seli vinaanza kuzila protini za seli yenyewe. Kipokezi ni protini, kwa hiyo nacho kinaliwa. Katika joto la Dar la Februari, feni imekatika umeme, hilo halichukui muda. Kinachosimamisha uharibifu ni formalini. Miongozo ya kimataifa inasema ndani ya saa moja tangu kutolewa, kinyama kiwe kimeingia kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ya kutosha kukifunika chote na kuzidi kwa wingi, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72.

Titi zima ndilo linalonitia hofu zaidi. Formalini hupenya polepole, hapo mwanzo kama milimita moja kwa saa. Titi likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa vipande, nje yake patahifadhiwa na katikati, ambako uvimbe ndiko uliko, pataoza huku sisi tumetulia tukijua liko kwenye dawa. Tuliwahi kupokea titi lililokuja kwa basi kutoka mkoani mpaka kituo cha Magufuli, Mbezi, formalini imelifunika nusu, wikiendi yote imepita katikati. Tulipolipima, kipokezi cha estrojeni kilisoma hasi. Lakini pembeni ya uvimbe kulikuwa na mirija ya kawaida ya maziwa, ambayo baadhi ya seli zake lazima zioneshe rangi ya kahawia, alama ya kipokezi kwenye kipimo chetu, hata kwa mwanamke asiye na ugonjwa. Nayo haikuwa na rangi hata tone. Pale hatukuwa na majibu hasi. Hatukuwa na majibu. Kwa bahati, kinyama cha sindano alichotolewa kabla ya upasuaji kilikuwa bado kwenye bloku ya nta. Tukakikata upya, tukakipima. Karibu seli zote za saratani ziliwaka kahawia.

Fikirini tofauti hiyo kwa huyo mama. Kwa majibu ya kwanza angemaliza kemo na kuambiwa hakuna kingine cha kumpa. Kwa majibu ya pili anastahili dawa ya homoni kwa miaka mitano au zaidi. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake kati ya jibu la kwanza na la pili.

Kwa hiyo nyie wauguzi wa chumba cha upasuaji, nawaomba kwa unyenyekevu: kwenye fomu ya maabara andikeni saa kinyama kilipotoka na saa kilipoingia kwenye formalini. Madaktari wapasuaji, titi zima lipasueni kabla ya kulitumbukiza, kwa namna mtakayokubaliana na mtaalamu wenu wa patholojia ili kingo zisipotee. Na vipokezi vipimwe kwenye kinyama cha sindano kila inapowezekana, kwa sababu ni chembamba na formalini inakifikia chote haraka. Wenzangu wa patholojia, mirija ya kawaida isipowaka, tusiandike hasi. Tuandike kwamba kipimo hakikufaa, na tuombe kingine, hata kama ndugu wa mgonjwa amesimama mlangoni anataka karatasi arudi Ifakara na basi la asubuhi.

Nanyi wagonjwa na ndugu, mna haki ya kuuliza. Ulizeni asilimia. Tangu mwaka 2010 miongozo inasema uvimbe huhesabiwa kuwa chanya kama angalau asilimia 1 ya seli zake zina kipokezi, na tangu 2020 wale wa kati ya asilimia 1 na 10 huandikwa kama chanya ya kiwango cha chini, kwa kuwa faida ya dawa za homoni kwao haina uhakika sawa. Neno hasi bila asilimia halitoshi. Mkiuliza kwa adabu na mtu akawakaripia, kosa ni lake.

Nimesikia pia watu, hata wasomi, wakisema saratani ya Mwafrika ni hasi tatu tu, yaani haina ER, PR wala HER2 nyingi, basi tusihangaike na vipimo wala dawa za homoni. Hili linaniudhi. Afrika si kijiji. Uchunguzi uliowalinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia ulikuta hasi tatu ni nyingi sana kwa Waghana, lakini kwa Waethiopia kiwango kilikaribiana na cha Wamarekani weupe. Na mwaka 2014 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi za bara letu yaliyoonesha kwamba, kusini mwa Sahara, zaidi ya nusu ya saratani za matiti zilizopimwa zina kipokezi cha estrojeni. Mapitio hayo hayo yakaonesha kitu ambacho watu wa maabara tulikuwa tunakihisi: tafiti zilizopima bloku za zamani zilizokaa makabatini zilipata chanya wachache kuliko zile zilizokusanya vinyama kwa mpango na kuvipima vikiwa vipya. Sehemu ya kile kilichoitwa tabia ya mwili wa Mwafrika ilikuwa tabia ya makabati yetu.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, maana daktari atakayenifuata atalieleza vizuri zaidi. Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza miaka ya 1960 na watu waliokuwa wanatafuta dawa ya uzazi wa mpango. Ikashindwa kazi hiyo na ikaokoa maisha kwa kazi nyingine. Inakaa kwenye kipokezi mahali pa estrojeni na kuzuia seli ya titi isiagizwe kugawanyika. Uchambuzi mkubwa wa majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba kwa wenye kipokezi, kuimeza kwa miaka mitano kunapunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo inaendelea muda mrefu baada ya kuiacha. Kwa wasio na kipokezi haikusaidia. Ni kidonge kimoja kwa siku, na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na dawa nyingine za saratani. Kina maudhi: joto la ghafla mwilini, hasira za bure, ukavu ukeni. Anayetokwa damu ukeni bila mpangilio, hasa aliyekwisha kukoma hedhi, aende hospitali mapema, na mjamzito asikitumie. Lakini msikiache kimyakimya kwa kuwa mmejisikia wazima. Mwambieni daktari, kuna namna ya kusaidiwa.

La mwisho ni hili, na mara nyingi husahaulika. ESR1 haitulii. Uvimbe uliokuwa chanya unaweza kurudi baada ya miaka, kwenye ini au mfupa, ukiwa hasi, au uliokuwa hasi ukarudi chanya. Tafiti zilizolinganisha uvimbe wa kwanza na uliosambaa zimekuta kipokezi cha estrojeni kimegeuka kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano. Na kwa wale waliotumia kwa muda mrefu dawa za kuzuia estrojeni isitengenezwe, kama anastrozoli na letrozoli, wakati mwingine herufi moja ya ESR1 inabadilika, kipokezi kinabaki kimewaka hata estrojeni isipokuwepo. Mabadiliko hayo ni nadra sana kwenye uvimbe wa mwanzo. Yanachipuka chini ya shinikizo la dawa. Yalieleweka vizuri kuanzia mwaka 2013, na Januari 2023 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho elasestranti kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo. Ni ghali.

Kilicho ndani ya uwezo wetu leo ni kinyama kipya. Mgonjwa ambaye saratani yake imerudi asitibiwe kwa kutegemea majibu ya miaka sita iliyopita kama sehemu iliyougua inafikika kwa sindano. Daktari asipolitaja, ndugu amuulize: "Daktari, tunaweza kupima vipokezi upya?" Na kinyama hicho kikitoka, kiingie kwenye formalini muda ule ule, kikiwa na saa yake imeandikwa juu ya fomu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti ameniambia tuna nusu saa ya maswali. Tuanze na akina mama waliokaa kule nyuma.